Nyumba ya Ugenini: J. N. Andrews na Watoto Wake

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 12:1-9, Mwanzo 13:5-18, Ruthu 1:1-5, Yeremia 29:4-7, Luka 14:28-30, 1 Timotheo 5:8, Waebrania 11:8-10.

Fungu la Kukariri: Waebrania 11:8

Mtu akihama peke yake, hasara ya kuchagua mahali pabaya humwangukia yeye. Akihama na familia, anachagua kwa niaba ya wengine pia: shule watakayosoma watoto, lugha watakayochezea, chakula kitakachowekwa mezani, na jirani atakayebisha hodi siku ya ugonjwa. Biblia inalichukulia jambo hili kwa uzito. Abramu aliitwa aondoke bila kuonyeshwa kwanza mji wa kukaa. Lutu alipewa nafasi ya kuchagua, akainua macho na kuliona bonde lenye maji mengi. Elimeleki aliikimbia njaa ya Bethlehemu, na huko Moabu mkewe akabaki bila mume wala mwana.

John Nevins Andrews anajulikana miongoni mwa Waadventista Wasabato kuwa mmisionari wa kwanza kutumwa rasmi na kanisa ng'ambo ya bahari, mwaka 1874. Wengi wanamkumbuka kama msomi na mwandishi wa kitabu kikubwa cha historia ya Sabato. Juma hili anatazamwa kama baba: mwanamume mwenye umri wa miaka 45, aliyefiwa na mkewe, akitafuta nyumba katika nchi ngeni pamoja na kijana wa miaka 16 na binti wa miaka 12.

JUMAPILI

Waukon: Mahali pa Kupumzika

Andrews alizaliwa tarehe 22 Julai 1829 katika mji mdogo wa Poland, jimbo la Maine, Marekani. Akiwa kijana alikuwa miongoni mwa waliomngojea Kristo mwaka 1844, akauonja uchungu wa siku ile ilipopita bila Bwana kuja. Muda mfupi baadaye alisoma kijizuu kuhusu siku ya saba, akaanza kuitunza Sabato. Mwaka 1850 aliingia katika huduma. Alisafiri, alihubiri na kuandika usiku na mchana, na baada ya miaka mitano hivi mwili ulikataa. Sauti ilimwishia, na macho yake yakadhoofika.

Ndipo alipohama kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Aliwafuata wazazi wake hadi Waukon, katika jimbo la Iowa, ambako ardhi ilikuwa nzuri na bei yake nafuu. Familia nyingine za watunza Sabato nazo zilikwenda huko. Andrews alifanya kazi dukani, na mwezi Oktoba 1856 akamwoa Angeline Stevens. Charles alizaliwa mwaka 1857, na Mary mwaka 1861. Watoto wengine wawili walifariki wakiwa wachanga.

Waukon palikuwa pazuri kwa mwili uliochoka. Hata hivyo, waumini waliohamia huko walianza kupoa katika imani. Mwezi Desemba 1856 James na Ellen White walifunga safari ya kuwatembelea kwa kigari cha theluji, wakavuka mto Mississippi juu ya barafu isiyoaminika. Ziara hiyo iliwaamsha wengi. J. N. Loughborough, aliyekuwa amehamia huko, alirudi kazini mara moja. Andrews alichukua muda mrefu zaidi, lakini naye alirudi.

Kupumzika si dhambi. Eliya naye alilala chini ya mti na kupewa chakula. Swali la Waukon lilikuwa hili: nguvu zikirudi, je, mahali hapo pataachilia mtu aende, au patamshika?

Soma Mwanzo 13:5-13. Lutu alitazama nini alipochagua mahali pa kuishi? Ni mambo gani ambayo hakuyauliza, ingawa wake na watoto wa nyumba yake walikuja kuyalipia?

JUMATATU

Baba, Watoto Wawili na Bahari

Baadaye familia ilihamia Rochester, jimbo la New York. Kuanzia mwaka 1867 hadi 1869 Andrews alikuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu, na baada ya hapo alihariri gazeti la kanisa. Tarehe 18 Machi 1872 Angeline alifariki kwa kiharusi. Andrews akabaki na watoto wawili waliohitaji mama, akahamia nao South Lancaster, Massachusetts.

Wakati huo huo, barua zilikuwa zikitoka Uswisi. M. B. Czechowski, aliyekuwa zamani kasisi wa Kikatoliki kutoka Poland ya Ulaya, alikuwa amehubiri Sabato na kuja kwa Kristo katika milima ya Jura, bila kuwaambia wasikilizaji wake kwamba kuna kanisa Marekani lenye imani hiyo hiyo. Kanisa dogo lilianzishwa Tramelan mwaka 1867. Kisha Albert Vuilleumier akaona katika chumba alichokitumia Czechowski nakala ya gazeti la Waadventista, akaandika barua Marekani. Mwaka 1869 walimtuma kijana wao, James Erzberger, aende akalione kanisa hilo kwa macho yake. Ombi lao halikubadilika: waletewe mwalimu.

Mwezi Agosti 1874 Konferensi Kuu ilipiga kura Andrews aende. Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu wa nyumbani. Watoto walikuwa wameanza kuzoea maisha bila mama. Baba angeweza kuwaacha mikononi mwa ndugu wa imani, akaenda peke yake na kurudi baada ya miaka michache. Watu wengi wa karne ile walifanya hivyo, na leo pia wako wazazi wanaofanya hivyo kwa sababu za msingi kabisa.

Andrews aliamua kwamba familia isigawanyike. Tarehe 15 Septemba 1874 aliondoka bandari ya Boston pamoja na Charles na Mary. Ademar Vuilleumier, Mswisi aliyekuwa akirudi kwao, alisafiri nao. Hawakuwa na uhakika wa mshahara. Kanisa lilikuwa halijawahi kumtunza mtumishi ng'ambo, wala halikuwa na utaratibu wa kufanya hivyo.

Soma Luka 14:28-30. Katika safari hii gharama ipi ilihesabiwa, na ipi haikuhesabiwa? Nani alipaswa kuihesabu: baba peke yake, au na kanisa lililomtuma?

JUMANNE

Neuchâtel: Karibu na Ndugu

Baada ya kupita Uingereza na Uskochi na kukutana na watunza Sabato wengine, familia iliwasili Neuchâtel tarehe 16 Oktoba 1874. Mji huo uko kando ya ziwa, chini ya milima ya Jura, na watu wake huzungumza Kifaransa.

Sababu ya kuanzia hapo inaeleweka na yeyote aliyewahi kuhamia ugenini. Ndugu walikuwepo. Makundi madogo ya waumini yalitawanyika katika miji na vijiji vya Jura, eneo la mafundi wa saa, ambako saa zilitengenezwa majumbani na katika karakana ndogo. Mgeni mwenye watoto anahitaji mtu wa kumwonyesha soko, wa kumwambia kodi ya haki ya nyumba ni kiasi gani, na wa kumtambulisha kwa daktari. Zaidi ya hayo, siku ya Sabato anahitaji watu wa kusali pamoja nao. Familia ya Andrews iliyapata hayo Neuchâtel. Kutoka hapo baba alizunguka kuyaimarisha makundi hayo, na mapema mwaka 1875 alikwenda na Erzberger hadi Elberfeld, Ujerumani, kukutana na watunza Sabato ambao hawakuwa wamejua habari za Waadventista.

Kikwazo kilikuwa lugha. Andrews aliweza kuisoma Biblia katika lugha kadhaa, lakini kusoma ni jambo moja na kununua mkate ni jambo jingine. Basi nyumba yao iliwekewa sheria. Baba na watoto waliandika mapatano, wakayatia sahihi wote watatu, kwamba watazungumza Kifaransa wao kwa wao. Kwa familia yenye huzuni, kuiacha lugha waliyozungumza na mama halikuwa jambo dogo. Lakini lilizaa matunda. Vijana walijifunza haraka kuliko baba, na baada ya muda Mary alikijua Kifaransa vizuri kiasi cha kusahihisha maandishi ya baba yake.

Hivyo ndivyo Yeremia alivyowaagiza mateka wa Babeli: wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji walioletwa. Mgeni anayeishi kana kwamba mizigo iko mlangoni hamfaidii jirani, na watoto wake hawapati kwao popote.

Soma Yeremia 29:4-7. Familia inayohamia nchi nyingine itawezaje kujifunza lugha na desturi za wenyeji bila kuiachia imani yake?

JUMATANO

Basel: Karibu na Kazi

Mwezi Aprili 1876 familia ilifunga mizigo tena. Safari hii ilikuwa fupi, lakini mabadiliko yalikuwa makubwa. Walihamia Basel, mji wa Uswisi ulio kwenye kona ya mto Rhine, ambako watu huzungumza Kijerumani.

Faida za Basel kwa kazi ya uchapishaji zilionekana wazi. Ulikuwa mji wa vitabu tangu zamani. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1460. Mwaka 1516 mchapaji Johann Froben alitoa hapo Agano Jipya la Kigiriki lililoandaliwa na Erasmus, kitabu kilichowasaidia Wanamatengenezo kuipeleka Biblia katika lugha za watu. Reli ya kwanza kuingia katika ardhi ya Uswisi ilifika Basel mwaka 1844, ikitoka Strasbourg. Gazeti likichapwa Basel lingeweza kupelekwa kwa treni na posta hadi Ufaransa, Ujerumani na sehemu zote za Uswisi.

Mwezi Julai 1876 toleo la kwanza la gazeti la Kifaransa Les Signes des Temps lilitoka. Nyumba ya kupanga ikawa makazi na ofisi kwa pamoja. Charles alijifunza kazi ya kupanga herufi za chapa. Mary, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 15, alisoma kurasa za majaribio na kuweka alama penye makosa. Baba aliandika, alihariri na kujibu barua. Gazeti la watu watatu lilifika mbali kuliko miguu yao ingeweza kufika.

Lakini mahali panapofaa kazi si lazima pafae familia kwa kiasi hicho hicho. Waumini wengi walikuwa wamebaki upande wa Jura, penye Kifaransa. Ndani ya nyumba kulikuwa na Kifaransa cha gazeti, na barabarani kulikuwa na Kijerumani cha Basel. Vijana wawili waliokuwa wameanza kupata marafiki walianza upya. Na kwa kuwa ofisi ilikuwa nyumbani, hapakuwa na mlango wa kufunga jioni ili kazi ibaki upande wa pili.

Soma Mwanzo 12:6-9. Kila mahali Abramu alipopiga hema alijenga pia madhabahu. Hilo linafundisha nini kwa familia inayohama mara kwa mara kwa sababu ya kazi?

ALHAMISI

Gharama

Fedha zilikuwa kidogo. Andrews alitumia akiba yake mwenyewe, na aliposubiri msaada kutoka Marekani hakupenda kulalamika. Palipopunguzwa matumizi ni mezani. Kwa muda mrefu chakula chao kilikuwa hasa mkate na viazi, matunda na mboga vikiwa vichache. Mtu mzima mwenye nia anaweza kuvumilia hivyo kwa kitambo. Msichana anayekua, anayefanya kazi saa nyingi akiwa ameinamia karatasi, anahitaji zaidi ya hapo.

Mary alianza kukohoa. Ilikuwa kifua kikuu. Mwaka 1878 Andrews aliitwa Marekani kuhudhuria kikao cha Konferensi Kuu, akasafiri na binti yake na kumpeleka katika hospitali ya Waadventista huko Battle Creek, chini ya Dkt. John Harvey Kellogg. Kijidudu cha ugonjwa huo kilikuwa hakijagunduliwa. Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mwaka 1882. Hata hivyo Kellogg alimwonya baba asikae karibu na mgonjwa, kwa kuwa angeweza kuambukizwa. Andrews hakuondoka kitandani pa binti yake. Mary alifariki tarehe 27 Novemba 1878, akiwa na umri wa miaka 17. Alizikwa Rochester, karibu na mama yake.

Ellen White alimshauri Andrews aoe tena kabla ya kurudi Ulaya. Mtu aliyebeba mzigo kama ule, katika nyumba isiyo na wa kuitunza, alihitaji msaidizi. Andrews hakuoa. Mwaka 1879 alivuka tena bahari, na katika miaka iliyofuata kifua kikuu kilimpata yeye pia. Alihariri gazeti akiwa kitandani. Alifariki Basel tarehe 21 Oktoba 1883, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika mji huo.

Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba Mary angeishi kama wangebaki Neuchâtel, au South Lancaster. Katika karne ile kifua kikuu kiliua vijana katika nyumba za matajiri na za maskini, pande zote za bahari. Lakini lishe duni, kazi bila pumziko na upweke hupunguza nguvu za mwili kupambana. Andrews aliuchagua mji kwa hekima. Ndani ya mji huo nyumba yake haikuwa na ulinzi wa kutosha, na lawama haimwangukii yeye peke yake. Kanisa lilimtuma mtu wake bora kabla halijajua jinsi ya kumtunza.

Paulo alimwandikia Timotheo maneno makali kuhusu mtu asiyewatunza walio wake. Maneno hayo hayapingani na wito wa Abrahamu. Mungu anayemwita baba aende ndiye huyo huyo anayeuliza watoto wamekula nini.

Soma 1 Timotheo 5:8 pamoja na Waebrania 11:8-10. Imani ya kwenda pasipojulikana na wajibu wa kuitunza familia vinawezaje kukaa katika nyumba moja?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Charles aliendelea katika kazi ya uchapishaji aliyojifunza akiwa kijana katika nyumba ya baba yake. Mwaka 1885, miaka miwili baada ya kifo cha Andrews, kanisa lilikuwa na jengo lake la uchapishaji Basel. Mwaka huo huo Ellen White alifika hapo na kuhudumu Ulaya hadi mwaka 1887. Mwaka 1886 L. R. Conradi naye alifika Basel kutoka Marekani, na baadaye akaongoza kazi iliyopanuka Ujerumani. Kutoka Ujerumani, mwaka 1903, wamisionari wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika katika milima ya Upare, nchi ambayo leo ni Tanzania, wakaanza kazi ya Waadventista huko. Hivyo nyumba ile ya kupanga ya Basel ina uhusiano na makanisa mengi yanayosoma somo hili leo. Mwaka 1960 chuo kikuu cha kanisa kilichoko Berrien Springs, Michigan, kilipewa jina la Andrews.

Polepole kanisa lilijifunza kwamba anayetumwa apewe mshahara unaojulikana, aende na mwenzi wake inapowezekana, na apate muda wa kurudi kupumzika. Utaratibu huo unaonekana wa kawaida leo. Mary Andrews hakuupata.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki wa kanisa lenu amepata kazi nchi za nje na anataka kwenda na mke na watoto. Kikundi chenu kiandike maswali matano anayopaswa kuyapatia majibu kabla ya kupanga nyumba. Fikirini kuhusu Sabato kazini, umbali wa kanisa, shule, matibabu, na fedha zitakazobaki kwa chakula baada ya kodi kulipwa.

2. Andrews alikwenda na watoto wake. Wengine huwaacha kwa bibi au kwa ndugu. Jadilini faida na hatari za kila njia, bila kuwahukumu waliolazimika kuchagua moja.

3. Neuchâtel palikuwa karibu na ndugu, na Basel palikuwa karibu na kazi. Familia isipoweza kupata yote mawili, itachagua kwa kipimo gani? Je, watoto wakubwa wasikilizwe katika uamuzi huo?

4. Baba wa familia anajinyima kwa ajili ya kazi ya Mungu, na nyumba yake nzima inajinyima pamoja naye. Ni wakati gani kujinyima huko kunakuwa sadaka, na ni wakati gani kunakuwa kuwanyima wasio na sauti?

5. Je, wapo katika kanisa lenu watu waliohamia kutoka mkoa au nchi nyingine? Nani aliwaonyesha soko, shule na zahanati walipofika? Juma hili panga kuitembelea familia moja ya namna hiyo, na muulize mama wa nyumba hiyo anahitaji nini.